Shule ya Fi Landa

Juzi nilipita Thongpiny, upande wa nyuma wa uwanja wa ndege, kwenye ule mtaa wa ofisi zenye kuta ndefu na waya wa miba juu, nikanusa lami ya mbao. Sisemi lami ya barabara. Lami ya barabara huchoma pua mara moja ikaisha. Hii nyingine ina utamu kidogo, kama moshi uliofungiwa ndani ya chupa kwa miaka halafu mtu akafungua kizibo. Fundi mmoja wa Kiganda alikuwa ameinama, anapaka nguzo za uzio kwa brashi pana.

"Hiyo ni nini?" nikamuuliza.

"Dawa ya mchwa, mama. Hapa Juba mchwa iko mingi sana. Usipopaka hii, mwaka moja tu nguzo imekwisha."

Nikasimama pale mpaka akaniuliza kama kuna mtu namtafuta. Nikamwambia hapana. Nilikuwa nangoja kuona kama nitasikia chochote moyoni, kama mtu anayejibonyeza mguu uliokufa ganzi. Sikusikia kitu. Nikaenda zangu, nikanunua mkate, nikarudi nyumbani Lemon Gaba. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiamka na kuandika kurasa mbili tatu kabla ya kwenda kazini, na haya ndiyo niliyoandika.

Naandika kwa Kiswahili. Nyumbani kwetu tulisema Kibari, na njiani tulisema Kiarabu cha Juba kama watu wote. Kiswahili nilikipata ukimbizini, kwanza sokoni Uganda, kisha Kenya kwenye madawati ya sekondari, ambako mwalimu alituchapa kwa kukosea ngeli. Katika mambo nitakayosimulia hakuna hata neno moja lililosemwa kwa Kiswahili. Nadhani ndiyo maana naweza kuyasema.

Shule yetu ilikuwa ng'ambo ya mto. Unavuka daraja, unapita Gumbo, unashika barabara ya Nimule kidogo, halafu unaiacha na kufuata njia ya miguu kwa muda wa saa moja hivi kwa mwendo wa mtoto. Ilijengwa na wazungu waliokuja vita vya kwanza vya kusini na kaskazini ya nchi yetu vilipokwisha, kabla vya pili havijaanza. Zilikuwa familia tatu. Hawakuwa wageni wa kuja na kuondoka, walikuja kuhamia. Walilima, walifuga, walizaa watoto pale pale, na mmoja wao alizikwa pale. Na kwa kuwa walikuwa wamekuja kukaa, walijenga shule kama wanavyojenga kwao: magogo ya mtiki yamelazwa moja juu ya jingine, na kwenye pembe yamechongwa yakaumana kama vidole vya mikono miwili, bila msumari hata mmoja. Wanaume wa kijiji walibeba magogo pamoja nao. Baba yangu alikuwa kijana wakati huo, na alikuwa na kovu begani la gogo la tatu kutoka chini, upande wa mashariki. Alikuwa akilionyesha lile kovu na lile gogo kwa wakati mmoja.

Paa lilikuwa na mteremko mkali sana. Mvua ilipogonga iliteleza ikaanguka mbali na ukuta, na sisi watoto tulikimbia chini yake. Nilimuuliza baba kwa nini paa letu limesimama hivyo wakati mapaa mengine yamelala. Akasema huko walikotoka kuna theluji, na paa bapa likibeba theluji huvunjika.

"Theluji ni nini?"

Akafikiri. "Ni mvua iliyochoka," akasema.

Nyuma ya shule palikuwa na kibanda kidogo cha magogo hayo hayo, hakina dirisha, na ndani yake mawe meusi yamerundikwa kwenye kona. Wale wazungu walikuwa wakiwasha moto chini ya mawe, wakijifungia humo uchi, wakimwagia mawe maji, kisha wakitoka wekundu kama nyanya na kukimbilia mtoni. Watu walishangaa sana mwanzoni. Habuba, yaani nyanya yangu mzaa baba, hakushangaa. "Ni duhan tu," alisema. Duhan ni ule moshi ambao wanawake wa mjini hukalia wamejifunika blanketi, ili ngozi inukie kwa ajili ya waume zao. "Tofauti yake ni kwamba kwa kawaja hata wanaume wanafanya," alisema Habuba, akacheka akaziba mdomo kwa mkono. Kawaja ni mzungu. Hivyo ndivyo tunavyowaita mpaka leo.

Vita vya pili vilipoanza waliondoka. Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama, siwakumbuki. Walimwachia baba ufunguo, madebe saba ya lami kutoka kwao, na ahadi ya kuandika barua. Baba ndiye aliyekuwa mwalimu, watu wakimwita Ustaz Wani. Kila kiangazi wanafunzi walikuja na vitambaa vikuukuu, wakapaka magogo lami mpaka nyumba yote ikang'aa na kunuka, na sisi wadogo tukarudi nyumbani na madoa ambayo sabuni haikuyaweza.

Sasa nieleze jina, kwa sababu mambo yote yalitoka kwenye jina. Watu waliiita shule ya Finlanda, nchi ya wale wazungu. Mimi nilikuwa na miaka sita hivi na sikujua habari za nchi. Nilisikia maneno mawili: Fi Landa. Kwa Kiarabu cha Juba, "fi" maana yake kuna, au yupo. "Fi akil," kuna chakula. "Mafi akil," hakuna chakula. Kwa hiyo nilijua, kama ninavyojua jina langu Keji, kwamba shule ni ya mwanamke anayeitwa Landa, na kwamba yupo.

Alikuwa wapi? Alikuwa kwenye kile kibanda. Nilikuwa na ushahidi. Kila siku nilimwona baba akiingia mle na ndoo imejaa maji, kisha akatoka na ndoo tupu. Ukweli ni kwamba aliweka mle mtungi mkubwa wa maji ya wanafunzi, kwa sababu magogo yaliufanya uwe baridi. Mimi nilidhani anamnywesha Landa. Sikuwahi kuingia kuhakikisha. Wakati mwingine nilikaa kwenye kivuli cha kibanda, mgongo wangu kwenye ukuta, nikamsimulia mambo ya darasani, na hakujibu, na kutojibu kwake kuliniridhisha. Watu wazima wa nyumbani kwetu pia hawakuwa wakijibu kila ulichowauliza.

Halafu vita vikasogea. Watu wa ng'ambo wakaamriwa na jeshi la serikali kuhamia mjini, wasije wakawasaidia waasi, wakapewa siku chache tu, kila mtu na kile awezacho kubeba. Tukaenda Kator kwa mjomba wa mama, tukapewa chumba kimoja sisi wanne: Habuba, mama, baba na mimi. Shule ikafungwa. Wanafunzi wakatawanyika, wengine mjini, wengine msituni, wengine sijui. Mabomu yalikuwa yakianguka siku nyingine, na tulikuwa tumeshazoea kuingia shimoni na kutoka kama watu wanaokwepa mvua.

Lakini baba hakuiacha shule. Aliendelea kuvuka daraja.

"Mbao zitaliwa na mchwa," alimwambia mama.

"Na wewe utaliwa na risasi," mama akajibu.

"Walinikabidhi."

"Wako wapi waliokukabidhi? Waje wapake wenyewe."

Siku moja wakagombana hivyo asubuhi nzima, kwa sauti za chini kwa sababu nyumba haikuwa yetu. Nilimsikia mama akisema, "Si yeye. Mwache yeye." Sikujua wanamsema nani. Kesho yake baba akanifunga kamba za viatu akaniambia twende pamoja.

Sidhani kama nimewahi kufurahi tena vile. Tulikwenda mara mbili kwa juma. Darajani baba alitoa kibali chake cha kuvuka, askari akakisoma, kisha akaniangalia mimi. Mmoja alikuwa akiniinua kidevu kwa kidole kimoja. "Binti yako?" "Binti yangu." Tukapita. Maji ya mto yalionekana kwenye nyufa za sakafu ya daraja, na baba alinishika mkono muda wote, jambo ambalo hakulifanya mjini. Baada ya Gumbo alikuwa akinifundisha mchezo. Yeye anatangulia, mimi nakanyaga pale pale alipokanyaga, na nikikosea tunasimama, ananyamaza kidogo, tunaanza tena. Nilijitahidi sana nisikosee. Nilijua mchezo huo ulikuwa wetu wawili tu. Mabomu ya ardhini sikuambiwa habari zake mpaka tulipokuwa Uganda.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Baba alikuwa ndani anakagua sakafu ya darasa la pili, ambako mchwa walikuwa wameanza. Mimi nilikuwa nje nachora mavumbini kwa kijiti. Wakaja askari wanne kwa miguu, na afisa mmoja kijana mbele yao. Walikuwa wamechoka. Afisa akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yake yakalingana na yangu. Alikuwa na sauti nzuri. Nimejaribu kwa miaka mingi kuikumbuka kama sauti mbaya, nimeshindwa.

"Salaam, ya bint. Kuna maji hapa?"

"Yapo," nikasema. "Lakini ni ya Landa."

"Landa ni nani?"

"Mwenye shule."

Wale wengine wakaacha kuongea. Afisa hakubadilisha sauti.

"Yuko wapi huyo Landa?"

Nikamwonyesha kibanda.

"Ni kawaja?"

"Ndiyo. Ni kawaja."

"Umemwona mwenyewe?"

Sikuwa nimemwona. Lakini hakuna mtu mzima aliyewahi kunisikiliza kwa muda mrefu kiasi kile, tena amechuchumaa. "Ndiyo," nikasema. "Baba humpelekea maji."

"Na leo umekuja na nani?"

"Na baba."

"Baba yuko wapi sasa?"

Kabla sijajibu, mlango wa mbele ukafunguka na baba akatoka, mikono juu, brashi bado mkononi. Lami ilikuwa ikimtiririka kutoka kwenye brashi mpaka kwenye kiwiko. Hakuniangalia. Akasema, "Mimi ndiye. Ni mwalimu hapa. Mtoto hajui kitu."

Wakaingia kibandani bunduki mbele. Wakakuta mtungi, kikombe cha bati na mawe. Mawe yaliwatia wasiwasi kuliko kama wangemkuta mtu. Kwa nini yameungua? Nani anapika hapa? Baba akaeleza habari ya kuoga kwa mvuke, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyosikika kama uongo. Kisha wakaingia shuleni, wakakuta kasha la barua kwenye meza ya mwalimu, barua zenye stempu za nje, kwa lugha ambayo hakuna aliyeweza kuisoma, na picha ya wazungu wamesimama mbele ya magogo, baba katikati yao anacheka. Yule afisa aliitazama picha kwa muda. Akaniangalia tena, lakini hakuniuliza kitu kingine. Akachota maji mtungini, akanywa, akanirudishia kikombe.

"Shukran," akaniambia.

Wakamfunga baba mikono kwa shati lake. Tukatembea mpaka barabarani, mimi nyuma, nikijaribu kukanyaga alipokanyaga baba, lakini askari walikuwa wameshavuruga nyayo. Kulikuwa na lori. Walipofika upande wa mjini wa daraja walinishusha, lori likaendelea. Nilijua njia ya Kator. Nilitembea peke yangu, na bado nilikuwa nimekishika kile kikombe.

Mama alikuwa anafua. Akaangalia nyuma yangu, akasubiri mtu atokee. "Baba yako yuko wapi?"

"Wamemchukua."

"Nani? Wapi? Wamesema nini?" Akanishika mabega kwa mikono yenye povu. "Keji, wewe uliwaambia nini?"

"Sikusema kitu."

Habuba alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia mama, "Mwache mtoto. Atakuwa ana njaa." Wakanipa asida, ule ugali wetu, na mboga ya kudra. Nilikula yote. Nakumbuka kwamba ilikuwa tamu, na kwamba nilikuwa nangoja kulia, na kwamba nilipomaliza niliomba nyingine.

Mama alikwenda kwenye geti la jeshi kila asubuhi na sufuria ya chakula. Siku nyingine walipokea, siku nyingine walimwambia hakuna mtu wa jina hilo. Aliporudi hatukumuuliza, tuliangalia kama sufuria ni nzito au nyepesi. Nilikuwa na hasira wakati huo, hasira ya mtoto, kavu kama changarawe, na ilikuwa kwa Landa. Alikuwepo. Alisikia kila kitu. Baba amembebea maji kiangazi na masika, na yeye akajificha asitoke kusema neno moja. Nililala nikimlaumu, nikaamka nikimlaumu. Nadhani kulaumu kulinisaidia, maana nilinenepa.

Baba alirudi mvua zilipoanza. Hakuna aliyetuambia kwa nini ameachiwa, kama vile hakuna aliyetuambia kwa nini ameshikwa, zaidi ya yale niliyoyajua mimi. Aliingia uani akitembea kwa visigino, polepole, kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyooshwa sasa hivi. Habuba akalia. Mama hakulia, alikwenda kuweka maji motoni. Baba akakaa kwenye kitanda cha kamba, akauliza kama paa la jikoni limerekebishwa, akaambiwa bado, akasema atalirekebisha. Hakusimulia kitu. Hakuniuliza kitu pia, wala siku ile wala nyingine. Alikuwa akinitazama kama alivyonitazama zamani, hilo ndilo lililokuwa gumu. Ningependa anichape.

Siku hizo kuni zilikuwa shida mjini. Hakuna aliyethubutu kwenda mbali kutafuta. Mama akarudi siku moja kutoka soko la Konyokonyo na mzigo kichwani, akautua, na kabla hajafungua kamba harufu ikajaa uani. Vilikuwa vipande vya mbao na magogo yaliyopasuliwa, vyeusi upande mmoja, vyekundu ndani. Askari walikuwa wameibomoa shule. Magogo marefu walifunikia mahandaki yao, yaliyobaki yakaletwa sokoni kama kuni.

"Sikujua," mama alisema. "Wallahi, nilikuwa nimeshayabeba ndipo nikanusa."

Habuba akasema virudishwe. Mama akasema tutapika na nini. Wakamtazama baba. Baba akasogea pale kwa visigino vyake, akachuchumaa kwa shida, akachukua kipande kimoja akakigeuza. Kulikuwa na alama za kisu, jina la mwanafunzi fulani aliyechonga herufi tatu akakatizwa.

"Hii ni sakafu ya darasa la pili," akasema.

Akakiingiza mwenyewe motoni. Lami ilishika haraka, moto ukapanda wa bluu na wa njano, moshi mzito ukatufukuza sote mpaka ukutani. Asida ya siku hiyo ilinuka lami. Tuliila. Tulipikia shule kwa siku tisa, na mimi ndiye niliyetumwa kuchagua vipande vidogo vya kuwashia. Nilitaka kuuliza Landa amehamia wapi. Nilikuwa nimeshajifunza kutolitaja jina hilo.

Habuba tulimzika Kator. Mwaka uliofuata tulipata njia ya kutoka, tukafika Uganda, tukapewa turubai na kipande cha ardhi chenye mawe. Baba akafundisha chini ya turubai watoto mia na zaidi bila ubao. Mimi nikakua. Nikapata nafasi ya sekondari Kenya, na huko, siku ya somo la jiografia, tulikuwa watatu kwa atlasi moja, mwalimu akatuambia tufungue Ulaya kaskazini. Kidole cha jirani yangu kikapita juu ya jina. Nikalisoma. Nikalisoma tena kwa midomo, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ilikuwa nchi. Ilikuwa nchi ya rangi ya kijani kibichi, yenye maziwa mengi kama karatasi iliyoliwa na wadudu.

Nilimaliza somo. Nilichora ramani, nikapata alama nzuri. Ni baadaye tu, nikiwa kwenye foleni ya chakula na sahani mkononi, ndipo nilipoelewa kwamba hakukuwa na mtu kwenye kibanda. Miaka yote nilikuwa na mtu wa kumlaumu, na sasa hayupo, na pale alipokuwa nimebaki mimi. Nikapokea maharage yangu nikakaa nikala.

Sikumwambia baba. Barua haziwezi kubeba jambo kama hilo, na nilipokuwa likizoni turubai lilikuwa na watu wengi. Kisha kazi, kisha ndoa, kisha amani, kisha kurudi, kisha vita vingine na kukimbia tena na kurudi tena. Mama alifia Uganda. Baba nilimleta Lemon Gaba kuishi nami, mzee sasa, macho yamefifia, bado akiwasahihisha wajukuu wake hesabu kwa kusikiliza tu.

Kila Jumamosi asubuhi nilimkata kucha za miguu. Kucha zake hazikuwa za mkasi wa kawaida. Zile walizozing'oa kule jeshini ziliota upya nene, zimepinda, rangi ya pembe ya ng'ombe, na ilibidi nimloweke kwanza kwenye beseni la maji ya moto kisha nitumie koleo ndogo. Tulikuwa tumefanya hivyo miaka mingi bila kuzungumza juu yake. Tulizungumza juu ya mvua, juu ya umeme, juu ya jirani anayejenga hadi kwenye mpaka wetu.

Jumamosi moja, sijui kwa nini ile na si nyingine, nikasema bila kuinua kichwa, "Baba, siku ile kule shuleni, ni mimi niliyewaambia."

"Uliwaambia nini?"

"Kwamba kuna mtu. Kwamba Landa yupo. Nilidhani ni mtu, baba. Nilidhani unampelekea maji."

Nilisikia maji kwenye beseni.

"Nilisikia," akasema. "Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia yote tangu salaam."

"Ungeweza kutokea nyuma."

"Ningeweza. Nyasi zilikuwa ndefu." Akasogeza vidole vyake mkononi mwangu. "Lakini alikuwa amechuchumaa karibu nawe mno."

Nikaendelea kukata. Ukucha mmoja uliruka ukaangukia sakafuni, nikauokota. Nilidhani mazungumzo yamekwisha, na nilikuwa nasubiri kile kinachotakiwa kuja baada ya maneno kama hayo, wepesi fulani, au machozi.

"Keji," akasema. "Unajua kwa nini nilikuwa nakuchukua?"

"Kwa sababu nilipenda kwenda nawe."

"Hapana." Sauti yake ilikuwa ya darasani, ya kumsahihisha mtu bila kumwonea. "Peke yangu wangenipiga risasi pale darajani. Walikuwa wamempiga mwalimu wa Rejaf juma lililotangulia. Mtu aliyeshika mkono wa mtoto hawakumpiga. Mama yako alilijua hilo, alinikataza, nikamshinda. Nilikutembeza kwenye njia ile yenye mabomu ili niokoe mbao."

Nje, watoto wangu walikuwa wakigombania baiskeli. Nilijaribu kukumbuka mkono wake ulivyokuwa pale darajani, jinsi ulivyonishika, na ulikuja kama kawaida, wenye joto, mkubwa. Ulikuwa mkono ule ule. Sikuweza kuona mahali pa kuukatia ili upande mmoja uwe wa mapenzi na mwingine uwe wa kibali.

"Umenielewa?" akauliza.

"Nimekuelewa."

"Haya."

Nilikuwa na koleo mkononi na sikujua nilikuwa nimefikia kidole gani.

"Maji yanapoa, baba," nikasema.

Akanyoosha mguu wa pili.